Kiraka Hakipandi Mlima Chenyewe

Ukitaka kujua siri za mji mdogo, usimfuate shehe wala padri. Nenda steshenari. Pale Lushoto, katika vyumba vyembamba vyenye printa moja, mashine ya fotokopi na benchi la kungojea, ndimo maisha ya watu yanamopita yakiwa kwenye karatasi. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu anaacha nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba yake. Ndugu wawili wanaleta makubaliano ya kuuziana shamba, mmoja akiwa amenuna. Mama anatoa fotokopi ya barua ya rufaa ya hospitali huku ameigeuza kifudifudi mpaka dakika ya mwisho. Mwalimu anachapa mtihani ambao wanafunzi hawatakiwi kuuona mpaka Jumatatu.

Mama yangu mdogo ana steshenari ya namna hiyo, na ana miaka kumi na moja kwenye kazi hiyo. Watu husema wanamwendea kwa sababu ya bei, lakini bei yake ni sawa na ya jirani. Wanamwendea kwa sababu hana mdomo. Anaweza kuchapa talaka ya mtu asubuhi na mchana akakaa naye harusini bila jicho kucheza. Hiyo ndiyo mali yake kubwa kuliko printa, na anaijua thamani yake.

Siku hizi karatasi nyingi haziletwi kwa mkono. Zinatumwa kwa WhatsApp. Mteja yuko Bumbuli au Mlola, anapiga picha kitambulisho cha NIDA na kuandika, “Mama, naomba nakala tatu, kijana atapita jioni.” Picha inashuka kwenye kompyuta, inachapwa, kijana anapita, pesa inalipwa. Lakini faili linabaki. Baada ya miezi michache, kompyuta ile inakuwa imehifadhi vitambulisho, vyeti, mikataba na barua za mamia ya watu ambao hawakumbuki hata kama waliwahi kuvituma.

Mimi nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, katika usalama wa mifumo ya kompyuta. Utafiti wangu unahusu udhaifu wenye jina gumu, krosi-saiti skriptingi, kwa kifupi XSS, na hasa jinsi unavyoingia kwenye programu za kompyuta ya mezani. Nilipopanda nyumbani likizo ya Juni, wakati ukungu unakaa mjini mpaka saa nne asubuhi, mama mdogo aliniuliza nasoma nini hasa. Ili nimjibu ilibidi niazime hadithi ya bibi.

Bibi hakujua kusoma. Babu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule bondeni, upande wa Korogwe, na kila baada ya miezi kadhaa alituma barua. Bibi alimwita mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la nne, aje amsomee. Nilimwambia mama mdogo: sasa mchukue mtoto yule umfanye mtiifu kupita kiasi, awe kila anachokisoma anakitenda. Barua ikisema huku mvua ni nyingi, anasoma, basi. Lakini barua ikisema fungua banda, mtoe mbuzi, mkabidhi aliyeleta barua hii, mtoto anaiweka barua chini na kwenda bandani. Hajiulizi nani ameandika. Hajui tofauti ya maneno ya kusomwa na amri ya kutekelezwa.

“Na mtoto huyo ndiyo kompyuta yangu?” aliuliza.

“Kuna sehemu ndani yake iko hivyo.”

Sehemu hiyo ni kivinjari. Lugha inayopanga kurasa za intaneti inachanganya maneno na maagizo kwenye ukurasa mmoja, kwa wino mmoja. Kinachotenganisha viwili hivyo ni vialama vidogo vya pembe, kimoja kikitazama kushoto na kingine kulia. Kilicho katikati ya pembe hizo ni agizo: koleza neno hili, weka picha hapa, endesha programu hii. Kilicho nje ni maneno tu. Sasa tuseme kuna kisanduku ambacho mgeni anaandika jina lake, na mgeni badala ya kuandika jina akaandika agizo lenye pembe zake. Programu ikilichukua kama lilivyo na kulibandika kwenye ukurasa, kivinjari kitalitii kama agizo la mwenye nyumba. Hakina namna ya kujua kwamba mkono ulioandika ni wa mgeni.

Tiba yake ni ndogo mpaka inaudhi. Kabla ya kuonyesha kitu chochote kilichotoka kwa mgeni, programu inabadilisha pembe zile ziwe michoro tu, zionekane bila kuwa na nguvu. Mara nyingi ni kazi ya mstari mmoja. Ndiyo maana nauona udhaifu huu kuwa wa kibinadamu kuliko wa kihisabati. Hakuna asiyeweza kuuziba. Kuna wasiokumbuka, wasiojua, na wasiofikiwa na habari.

Jina la XSS lilitungwa na wahandisi wa Microsoft mwanzoni mwa mwaka 2000, na Februari ya mwaka huo kituo cha CERT cha Marekani kikatoa tahadhari kwa umma. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2005, kijana wa miaka 19 aitwaye Samy Kamkar aliandika agizo la namna hiyo kwenye ukurasa wake wa MySpace. Kila aliyeutembelea alimwongeza Samy kuwa rafiki bila kujua, na agizo likajinakili kwenye ukurasa wa mtembeleaji. Ndani ya saa zisizozidi 20, kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimelibeba.

Hata hivyo, agizo la Samy lilikuwa na mpaka. Waliotengeneza vivinjari walijua tangu awali kwamba intaneti imejaa wageni, kwa hiyo kila tovuti inafungiwa chumbani mwake. Agizo lililoingia MySpace lingeweza kuvuruga mambo ya MySpace, lakini lisingeweza kutoka nje ya kivinjari na kuanza kufungua mafaili yaliyo kwenye diski yako. Mgeni aliyefika ukumbini hakuwa na ufunguo wa chumba cha kulala.

Ufunguo huo ulikuja baadaye, na aliyeuleta alikuwa na nia njema. Mwaka 2013 kampuni ya GitHub ilitengeneza chombo kilichoitwa Atom Shell, ambacho baadaye kilipewa jina la Electron. Wazo lake lilikuwa zuri: vijana wengi wanajua kutengeneza kurasa za intaneti, na wachache wanajua kutengeneza programu za Windows, Mac na Linux kwa pamoja. Basi chukua kivinjari kizima, kiunganishe na chombo kiitwacho Node.js ambacho kinaweza kusoma mafaili na kuendesha programu nyingine, vifunge pamoja, uvipe ikoni. Mtumiaji anaona programu ya kawaida ya mezani. Ndani yake ni kivinjari kisicho na mahali pa kuandika anwani, na katika miaka ya mwanzo, usipochukua hatua ya kukinyang’anya, kilikuwa kimeshika funguo za nyumba nzima. Slack, Discord, Signal ya mezani na WhatsApp ya mezani zote zilijengwa kwa njia hiyo.

Mei 2018, watafiti watatu wa Argentina, Iván Ariel Barrera Oro, Alfredo Ortega na Juliano Rizzo, walikuwa wakizungumza kwa Signal. Wakatumiana kiungo cha tovuti nyingine yenye udhaifu wa XSS, na agizo lilikuwa ndani ya kiungo chenyewe. Walikuwa wakijadili ugonjwa wa mtu mwingine, lakini agizo likatekelezwa palepale ndani ya Signal yao. Fikiria wewe ndiye unayemsomea bibi barua kuhusu mwizi wa jirani, kisha unashtuka umeshika kamba ya mbuzi. Wenye Signal walitoa kiraka ndani ya saa chache. Siku chache baadaye watafiti walewale wakapata tundu jingine linalofanana na lile, safari hii kwenye ujumbe ulionukuliwa ndani ya jibu.

Mwanzoni mwa 2020 ikawa zamu ya WhatsApp. Gal Weizman, mtafiti wa kampuni ya PerimeterX, alieleza jinsi ambavyo ujumbe uliotengenezwa kwa hila, wenye kiungo na picha yake ndogo ya utambulisho, ungeweza kuendesha agizo kwenye WhatsApp ya mezani mpokeaji akibonyeza, na kutoka hapo kusoma mafaili yaliyo kwenye kompyuta yake. Tundu hilo lilishazibwa alipolitangaza. Mimi kilichonikaa ni jambo jingine aliloliona: kivinjari kilichofichwa ndani ya programu ile kilikuwa Chromium toleo la 69, la Septemba 2018. Kampuni yenye watumiaji zaidi ya bilioni moja ilikuwa imebeba tumboni kivinjari cha zaidi ya mwaka mmoja nyuma.

Nilipomaliza kusoma maelezo ya Weizman, kwa mara ya kwanza utafiti wangu ulikuwa na sura. Niliiona folda ya mama mdogo.

WhatsApp yake ilikuwa sawa, imesasishwa. Kilichonitia wasiwasi ni programu nyingine, ile anayoiita daftari. Ni programu ndogo ya kuandikia kazi za wateja: jina, namba ya simu, maelezo ya kazi, amelipa au anadaiwa. Ilitengenezwa na kijana mmoja miaka kadhaa iliyopita, akaiuza kwa bei ya kirafiki kwa maduka machache, na toka hapo imekuwa ikitembea kwa flashi kutoka steshenari moja hadi nyingine. Ni programu nzuri. Iko kwa Kiswahili chepesi, inajumlisha madeni, na haihitaji bando. Mama mdogo aliisifia kwa sababu hiyo ya mwisho: “Hii haiko mtandaoni. Hakuna wa kuingia.”

Nilikaa nyuma yake asubuhi moja nikamtazama anavyofanya kazi. Mteja anatuma maelezo kwa WhatsApp. Mama mdogo anayanakili yalivyo, anayabandika kwenye daftari, anabonyeza hifadhi. Maneno ya mgeni yalikuwa yakitoka mtandaoni na kuingia kwenye programu isiyo na mtandao kupitia mkono wake mwenyewe, mara thelathini kwa siku. Kisha nikafungua folda ya programu. Ilikuwa ni Electron ya zamani, ya kabla ya 2019, mwaka ambao toleo la 5 lilianza kufunga mlango wa Node.js kama chaguo la kawaida.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na hata bila sheria, nyumba ya mtu huiingii bila hodi. Nilimweleza mama mdogo ninachotaka kujaribu, kitakachotokea nikiwa sahihi, na kitakachotokea nikiwa nimekosea. Alifikiri kidogo, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke TUMEFUNGA, akaniambia, “Haya, jaribu nikiona.”

Kwanza nilinakili daftari lake lote kwenye diski ya nje. Kisha nikaandika kazi ya mteja wa uongo. Kwenye kisanduku cha maelezo niliweka mstari mmoja wenye pembe. Mstari ule ulisema: onyesha picha fulani, na picha ikikosekana, fungua kikokotoo. Picha yenyewe haikuwapo popote. Kivinjari kina desturi ya kupuuza skripti iliyobandikwa kwa njia hii, lakini picha iliyokosekana ina haki ya kusema nini kifanyike ikikosekana, na hapo ndipo wadukuzi wengi hupitia. Nikabonyeza hifadhi. Orodha ikajipanga upya, na katikati ya skrini kikokotoo cha Windows kikafunguka.

Mama mdogo alidhani nimegusa kitu. Nikaifunga programu, nikampisha kiti, nikamwomba aifungue mwenyewe. Kikokotoo kikaja tena. Kingekuja kila asubuhi, kila anapofungua duka, kwa sababu agizo lilikuwa limelala ndani ya orodha likisubiri kusomwa.

Kikokotoo ni desturi ya watu wa kazi hii. Hakidhuru kitu, kinathibitisha tu kwamba amri imetekelezwa. Lakini mlango unaopitisha kikokotoo unapitisha chochote. Mstari mwingine, wenye urefu usiozidi ule sana, ungeweza kuikusanya folda ya vyeti na kuituma kokote mara kompyuta inapounganishwa na simu yake kwa ajili ya WhatsApp. Nilimweleza hivyo, polepole, bila kupunguza wala kuongeza.

Alikaa kimya. Nje mtu aligonga, akasoma kibao, akaondoka.

“Kwa hiyo mie sina mdomo,” alisema hatimaye, “lakini kompyuta yangu inao.”

Sijaona katika vitabu vyangu maelezo mafupi zaidi ya hayo. Na nilielewa kwamba hakuwa akizungumzia teknolojia. Kwa miaka kumi na moja ameahidi jambo moja bila kulitamka, na sasa alikuwa anaambiwa kwamba ahadi hiyo ilikuwa imeegemea mstari mmoja ambao kijana fulani hakuuandika. Aliniuliza swali ambalo kwenye makala za kitaaluma hukaa mwishoni, kwenye aya ya mapendekezo: “Je, wapo wengine wenye daftari hili?”

Mtengenezaji tulimpata kwa namba iliyo kwenye ukurasa wa Kuhusu ndani ya programu yenyewe. Nilitegemea ukali, kwa sababu nimesoma visa vya watafiti waliotishiwa mahakama. Badala yake nilisikia mtu aliyechoka. Alikuwa ameiandika programu ile akiwa mwanafunzi, kwa kufuata masomo ya bure ya mtandaoni, na masomo mengi ya wakati ule yalifundisha kuacha mlango wa Node.js wazi kwa sababu mambo yalikwenda haraka zaidi hivyo. Sasa ana ajira nyingine mkoa mwingine. Nilimtumia maelezo yote. Akaomba siku tatu.

Siku ya tatu kiraka kilikuwa tayari. Alikuwa amefanya zaidi ya nilichomwomba: maneno ya wateja yanaonyeshwa kama maneno tu, kivinjari kimenyang’anywa funguo, na Electron imepandishwa hadi toleo jipya. Ilikuwa kazi safi. Kisha akaandika, “Dada, waambie wapakue.”

Nani niwaambie? Yeye mwenyewe aliwauzia watu wanane. Mama mdogo hakuwa mmoja wao. Alipewa na rafiki yake wa Soni, ambaye alipewa na mpwa wake. Na hao wangepakuaje? Kila programu ya Electron inabeba kivinjari kizima tumboni, kwa hiyo kiraka cha mstari mmoja kilikuja kikiwa na uzito wa zaidi ya megabaiti 100. Kwa mtu anayenunua bando la siku ili atume matokeo ya wanafunzi, hilo ni bando la siku limekwisha, kwa ajili ya programu ambayo machoni pake haina tatizo.

Hili ndilo somo ambalo nisingelipata darasani. Darasani tunapima umri wa udhaifu kuanzia siku unapogunduliwa hadi siku kiraka kinapotolewa. Kwa Signal ilikuwa saa chache, na tunapongeza. Lakini kwa mwenye duka, udhaifu unakufa siku kiraka kinapofika kwenye kompyuta yake. Kati ya siku hizo mbili kuna barabara, na barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina kona ambazo kila dereva anaziheshimu. Programu ile ilipanda mlima kwa flashi, kwa sababu watu waliitaka. Kiraka hakuna anayekitaka. Hakiongezi kitu kinachoonekana. Kitapanda tu kama kuna mtu atakibeba.

Basi tulikibeba. Mama mdogo alipiga simu kwa watu wake wote wa karatasi, akaandika orodha kwenye daftari la kawaida la mistari: maduka kumi na manne, kuanzia Mombo hadi Mlalo. Nilianza na ya bondeni. Mombo palikuwa na joto na haraka, na mwenye duka aliniruhusu nifanye kazi huku akiendelea kuhudumia abiria kwenye kompyuta ya pili. Soni walinikaribisha chai. Mahali pamoja kijana aliniambia, “Programu inafanya kazi, dada. Kwa nini uiguse?” Nilimwonyesha kikokotoo kwenye kompyuta yangu ndogo, akacheka, akaniita nirudie ili amwonyeshe mwenzake, kisha akakubali.

Aliyenisimamisha kabisa alikuwa mwalimu mstaafu wa Mlalo. Nilifika kwake saa sita, baada ya kupita msitu wa Magamba kwenye basi dogo lililojaa matenga, na kushuka hadi kwenye nyumba zile za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akatazama flashi iliyokuwa mkononi mwangu.

“Binti yangu, umesema tatizo la programu hii ni kwamba inatii kila kinachotoka kwa mgeni.”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Wewe ni nani hapa Mlalo?”

“Mgeni, mwalimu.”

“Na unataka niingize kitu chako kwenye mashine yangu, kwa sababu umeniambia nikiingize.”

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku kikokotoo kilipofunguka. Kati ya watu wote niliowatembelea, yeye peke yake ndiye aliyeuelewa udhaifu ule mpaka mwisho wake. Wengine waliniamini kwa sababu nilikuwa mpole, nimetumwa na mtu wanayemjua, na nasoma Dar es Salaam. Hizo ndizo sababu ambazo tapeli angezitumia.

Nilimweleza kwamba kuna njia. Kila faili linaweza kupigwa hesabu ikatoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na faili likibadilishwa hata kwa herufi moja, mfuatano unatoka tofauti kabisa. Mtengenezaji anaujua mfuatano wa faili lake. Windows ina amri ya kuupata mfuatano wa faili lililo kwenye flashi yangu. Kama yote mawili yanalingana, basi nilichobeba ndicho alichotengeneza, hata mimi niwe mwongo.

“Na nitajuaje kwamba ninayezungumza naye ndiye mtengenezaji?”

“Usitumie namba nitakayokupa mimi. Fungua programu yako, ukurasa wa Kuhusu. Namba imo humo tangu siku ulipoipata.”

Alivaa miwani, akafungua, akapiga. Wakasalimiana kirefu, kwa sababu iligundulika mwalimu alikuwa miongoni mwa wale wanane wa kwanza na kijana aliikumbuka sauti yake. Niliendesha amri kwenye kompyuta ya pili ya mwalimu, iliyokuwa tupu. Mfuatano ukatokea kwenye skrini. Kijana akapendekeza wasome nane za mwanzo na nane za mwisho.

“Soma zote,” mwalimu alisema.

Zikasomwa zote 64, moja baada ya nyingine, kwenye simu iliyokuwa ikikatika kila wingu linapopita. Simu ilikatika mara mbili, na mara zote mbili mwalimu alianza upya kutoka mwanzo. Aliandika kila herufi kwenye karatasi kwa mwandiko wa ubaoni, kisha akalinganisha na skrini kwa ncha ya kalamu. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitutazama kana kwamba tunahesabu kura. Alipofika ya mwisho alivua miwani na kuniambia, “Sasa weka.”

Kuanzia tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, iliyotungwa mwaka 2022, na ni jambo jema. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Lakini nikiisoma namfikiria mama mdogo na mwalimu wa Mlalo, watu ambao walikuwa wakizilinda kabla ya sheria kuwaagiza, kwa vifaa walivyonavyo: mdomo uliofungwa na kalamu. Kilichowashinda hakikuwa uzembe. Ni kwamba hatari ilibadilika umbo ndani ya programu waliyoizoea, na hakuna aliyepanda mlima kuwaambia.

Katika yale maduka kumi na manne, kumi na moja yana toleo jipya. Mawili yamefungwa, na sijui kompyuta zao ziliuzwa kwa nani. Moja lilikuwa Mtae, kwenye ukingo wa milima, na likizo yangu iliisha kabla sijafika huko. Msimamizi wa utafiti wangu anasema namba hizi ni ndogo mno kuwa sura ya tasnifu. Ana haki, na sitaziweka.

Wiki mbili baada ya kurudi Dar es Salaam nilipata picha kwa WhatsApp, kutoka namba ya mwalimu. Ilikuwa picha ya flashi juu ya meza, imefungiwa na mpira kwenye karatasi iliyokunjwa. Kwenye karatasi aliandika kwa mkono mfuatano wote wa 64, na chini yake maelekezo kwa mwenye duka wa Mtae: asiweke kitu chochote kabla hajapiga mwenyewe namba iliyo kwenye ukurasa wa Kuhusu, na asikubali kusomewa nusu. Chini ya picha mwalimu aliniandikia kwamba dereva wa basi la asubuhi ameshakabidhiwa.